KIJANA, KESI YAKO NA MUNGU IMEFIKIA WAPI?

Karatasi hii ni yako wewe hasa. Wale ambao tayari wameokoka wampe jirani.

Umeipata hapa Nanyala kwenye mkutano wa Injili. Pengine ulisimama mbali, umekaa juu ya pikipiki, unasikiliza vipaza sauti huku unajifanya unasubiri abiria. Pengine ulipita tu kutoka shamba la kahawa ukapewa mkononi. Vizuri. Ikunje, weka mfukoni, uisome usiku ukiwa peke yako. Sikuombi sadaka, wala sikuulizi dini ya baba yako. Nakuuliza swali moja tu, mdogo wangu: JE, UNA AMANI NA MUNGU?

Usijibu haraka. Sikuuliza kama una raha. Raha ipo. Muziki upo, pombe ipo, pesa ya mavuno ipo kwa wiki mbili tatu. Lakini saa nane ya usiku muziki umezimwa, wenzako wamelala, wewe umetazama bati. Kuna kitu kinakuambia, "Hivi nikifa leo?" Gari likipita kwa kasi kuteremka Senjele unakumbuka vijana waliotoka nyumbani asubuhi wakiwa wazima na jioni wakaletwa wamefunikwa shuka. Kile kitu kinachokusumbua usiku siyo uchawi, na wala hakiondoki kwa hirizi. Ni kwamba ndani yako unajua una kesi, na kesi hiyo haijaisha.

Biblia inasema wazi katika Warumi 3:23 kwamba watu wote wametenda dhambi, hakuna aliyebaki. Siyo majambazi tu. Hata yule aliyeweka mawe kwenye gunia la kahawa ili mzani upande. Hata aliyempa msichana mimba kisha akasema simjui. Hata binti aliyemwapiza mama yake moyoni. Hata mimi ninayeandika. Tofauti iliyopo ni kwamba wengine kesi yao imekwisha kuamuliwa, wengine bado.

CHOKAA JUU YA TOPE

Vijana wengi nikiongea nao baada ya mkutano wananipa jibu moja. "Mwinjilisti, nataka kuokoka, lakini acha kwanza nijitengeneze. Niache pombe, niachane na yule mwanamke, nilipe madeni. Nikishakuwa msafi nitakuja." Kijana mmoja aliniambia hivyo huku machozi yanamtoka. Alikuwa anasema kweli kabisa, hakuwa anatania. Lakini alikuwa amegeuza mambo, mkokoteni umetangulia mbele ya ng'ombe.

Huku kwetu bonde la Songwe mawe ya chokaa yapo tele, hata kiwanda cha saruji kule Songwe kinatumia mawe hayo. Kwa hiyo chokaa tunaijua. Chukua nyumba ya tope yenye nyufa, ipake chokaa. Jioni inang'aa, wapita njia wanasifia. Je, tope limekuwa jiwe? Hapana, ni tope lililovaa nguo nyeupe. Mvua ya Machi ikishika siku tatu utaona. Yesu mwenyewe aliwaambia watu wa dini wa siku zake kwamba wao ni kama makaburi yaliyopakwa chokaa, nje pazuri, ndani mifupa (Mathayo 23:27). Na angalia, maneno hayo makali hakuwaambia walevi. Aliwaambia watu waliokuwa wanafunga na kutoa fungu la kumi!

Kwa hiyo kujitengeneza ni kupaka chokaa. Unaacha pombe miezi miwili, halafu unaanza kuwadharau wanaokunywa. Dhambi imehama chumba tu. Na ile hofu ya usiku bado ipo.

MTOZA USHURU ALIYERUDI NYUMBANI AMESHINDA KESI

Sisi watu wa barabara ya Tunduma tunajua habari za ushuru. Basi sikiliza Yesu alivyosimulia katika Luka 18:9-14.

Watu wawili walikwenda hekaluni kuomba. Mmoja alikuwa Mfarisayo, mtu wa dini haswa. Alisimama akamweleza Mungu mambo mazuri anayoyafanya: anafunga mara mbili kwa juma, anatoa fungu la kumi, na eti anashukuru kwamba hayuko kama yule mwenzake pale nyuma. Mwenzake alikuwa mtoza ushuru. Wakati ule watoza ushuru walifanya kazi ya Warumi waliotawala nchi, na wengi wao walizidisha wapate na cha kwao mfukoni. Watu waliwachukia kama wasaliti. Huyu hakuthubutu hata kuinua macho. Alijipiga kifua, akaomba sala fupi sana: Mungu amhurumie, yeye ni mwenye dhambi. Basi. Hakutoa ahadi kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa mtu mzuri.

Halafu Yesu akatoa hukumu. Alisema ni huyu wa pili aliyerudi nyumbani kwake amehesabiwa haki, siyo yule wa kwanza.

Soma tena hapo. AMEHESABIWA HAKI. Hilo ni neno la mahakamani. Maana yake hakimu ameangalia jalada, amegonga meza, akasema: huyu hana hatia, nenda zako. Tena alihesabiwa haki siku ile ile, kabla hajarudi ofisini, kabla hajafanya hata jambo moja jema la kuonyesha. Alipanda hekaluni akiwa na kesi, akashuka akiwa hana kesi. Yule Mfarisayo alipanda na chokaa yake, akashuka nayo.

HII NI ZAIDI YA MSAMAHA WA RAIS

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hata watu wa kanisani wanachanganya.

Unajua habari ya msamaha wa Rais. Tarehe 26 Aprili 2021, Sikukuu ya Muungano, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,001. Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 45, inampa Rais uwezo huo. Kati ya hao, 1,516 waliachiwa watoke. Waliobaki, 3,485, walipunguziwa tu, wakaendelea kukaa ndani kumalizia sehemu iliyobaki. Ni jambo jema, familia zilifurahi. Lakini tuangalie vizuri. Aliyetoka gerezani kwa msamaha, hakuna mahakama iliyosema kwamba hakutenda kosa. Ameachiwa adhabu, hukumu yake bado iko kwenye majalada. Mtaani wanamnyooshea kidole, "Yule alifungwa." Na mwingine yuko kwenye orodha ya msamaha lakini bado analala ndani.

Vijana wengi wanafikiri Mungu anasamehe hivyo hivyo. Kwamba anapunguza kidogo, halafu kilichobaki unamalizia mwenyewe kwa kufunga, kwa kuteseka, kwa kununua mafuta na maji ya huyu anayejiita nabii. (Hayo ya kununua mafuta, mimi nasema bila kuogopa: Injili haiuzwi kwenye chupa.) Hapana ndugu yangu! Mungu hakukupunguzia miaka. Anayemwamini Yesu anatangazwa MWENYE HAKI. Jalada linafungwa. Mbele za Mungu unahesabiwa kama mtu ambaye hakuwahi kuiba na tena kama mtu aliyetii maisha yake yote, kwa sababu umehesabiwa utii wa mwingine.

LAKINI HAKIMU WA HAKI ANAWEZAJE?

Wewe kijana mwenye akili utauliza, na ni swali zuri: "Hakimu anayemwachia mwizi si amekula rushwa?" Kweli kabisa. Hata Biblia inakubaliana na wewe. Mithali 17:15 inasema anayempa mtu mwovu haki ni chukizo kwa Bwana. Halafu Warumi 4:5 inasema Mungu ndiye anayempa haki mtu asiye mcha Mungu! Sasa inakuwaje? Mungu anafanya kile anachokichukia?

Jibu liko msalabani, halipo mahali pengine popote.

Siku ile Yesu alipohukumiwa, palikuwa na mfungwa mmoja anaitwa Baraba. Luka 23 inasema alifungwa kwa fujo na kwa uuaji. Hakusingiziwa. Pilato aliona kabisa kwamba Yesu hana kosa, akataka kumwachia, lakini watu wakapiga kelele wapewe Baraba. Basi Baraba akatoka. Fikiria asubuhi ile ndani ya selo. Anasikia kelele za watu, anasikia funguo, anajua sasa wanamchukua kwenda kufa. Mlango unafunguliwa, askari anamwambia toka, uko huru. Na akitazama anaona mtu mwingine anabeba msalaba. Muuaji alitoka na mwenye haki akafa.

Baraba ni wewe, Baraba ni mimi. Mungu hakufunga macho asione dhambi yako. Aliiona yote, akaihukumu yote, ila hukumu ilimwangukia Mwanawe ambaye alikubali mwenyewe. Isaya 53:6 ilisema zamani kwamba maovu yetu sote yaliwekwa juu yake. Na 2 Wakorintho 5:21 inasema yule asiyejua dhambi alifanywa dhambi kwa ajili yetu, ili sisi tupate haki ya Mungu ndani yake. Ni kubadilishana. Yeye kachukua jalada langu, mimi nimepewa lake. Ndiyo maana Mungu anaweza kuniachia na bado akabaki hakimu wa haki (Warumi 3:26). Rushwa haipo hapo. Deni limelipwa, na lililipwa kwa damu. Haleluya!

Siku ya tatu akafufuka. Angebaki kaburini tungesema malipo yamekataliwa.

DEREVA ALIYELALA USINGIZI

Nenda Tunduma uangalie foleni ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Tangu mwaka 2019 kuna kituo kimoja cha pamoja kati ya Tunduma na Nakonde, lakini foleni wakati mwingine bado ni ndefu. Utaona madereva wa aina mbili. Mmoja hatulii. Anapiga simu, anazunguka, anajificha akimwona mtu wa forodha, kwa sababu makaratasi yake yana walakini. Anaweza kuwa na gari jipya na viatu vya bei, lakini hana amani. Mwingine gari lake ni kuukuu, limechoka, na bado amelala usingizi chini ya uvungu wa tela. Kwa nini? Mwenye mzigo ameshalipa kila kitu na hati imetoka. Dereva huyo hakulipa hata senti, hata angetaka asingekuwa na uwezo. Anachofanya ni kuiamini hati aliyopewa na kuipeleka getini.

Hiyo ndiyo imani. Imani siyo kujikaza ujisikie vizuri. Warumi 5:1 inasema kwamba tukiisha kuhesabiwa haki kwa imani, tunayo amani na Mungu kwa njia ya Bwana Yesu Kristo. Ona mpangilio wake: kwanza haki, halafu amani. Ukitafuta amani kabla ya kesi kuisha utaipata ya chupa tu, na asubuhi imekwisha na kichwa kinauma.

Utasema, "Mbona kuna siku mlokole anaonekana ana huzuni?" Ndiyo, zipo. Hata dereva mwenye hati anaweza kuumwa malaria kwenye foleni. Hati haijabadilika.

HABARI HII NI YA ZAMANI

Mwingine ataniambia haya ni mambo ya walokole wa juzi. Hapana. Ibrahimu alimwamini Mungu ikahesabiwa kwake kuwa haki, imeandikwa Mwanzo 15:6. Alitahiriwa akiwa na miaka 99, katika Mwanzo 17. Piga hesabu: mtoto wake Ishmaeli, aliyezaliwa baada ya ile habari ya mlango wa 15, siku hiyo ya kutahiriwa alikuwa na miaka 13. Kwa hiyo Ibrahimu alihesabiwa haki zaidi ya miaka 13 kabla hajatahiriwa. Paulo anaitumia hesabu hiyo katika Warumi 4 kuwanyamazisha wanaotaka kununua haki kwa matendo.

Na kuna habari ya Mwingereza mmoja, John Wesley. Huyu alikuwa kasisi, amesoma sana, mtu wa kufunga na kusaidia wafungwa. Mwanzoni mwa mwaka 1736 alikuwa melini anakwenda Marekani kuhubiri. Dhoruba ikapiga, wimbi likapasua tanga kuu, maji yakaingia. Waingereza walipiga mayowe. Lakini melini humo palikuwa na Wajerumani Wamoravian, na wao waliendelea kuimba. Wesley mwenyewe aliogopa kufa, akashangaa sana. Baadaye alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa, akajibu hapana. Akauliza, na wanawake na watoto wenu? Akajibiwa kwamba hata wao hawaogopi kufa.

Kasisi mzima hana amani, na watoto wadogo wanayo! Ilimsumbua miaka miwili. Mmoravian mwingine, Peter Böhler, akamweleza habari ya kuokolewa kwa imani tu. Tarehe 24 Mei 1738, jioni, kwenye mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, mtu alikuwa anasoma maelezo ya Martin Luther kuhusu waraka wa Warumi. Wesley akiwa amekaa anasikiliza, akapata uhakika moyoni kwamba anamtegemea Kristo peke yake na dhambi zake zimeondolewa. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Wamoravian hao hao ndio waliofika Rungwe mwaka 1891, na kutoka huko Injili ikaenea pande zetu hizi. Bibi yako huenda aliisikia. Lakini imani ya bibi haikuhesabiwi wewe.

"BASI NIENDELEE TU NA DHAMBI?"

Najua kuna mjanja mmoja anasoma hapa anacheka, anasema kama ni bure basi nitaokoka na mambo yangu nitaendelea nayo. Paulo aliulizwa swali hilo hilo, akajibu katika Warumi 6 kwamba haiwezekani kabisa. Baraba akitoka akirudi kuua, hakuelewa ni nani alikufa pale.

Mwangalie Zakayo, Luka 19. Huyu alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri, mfupi, akapanda mti. Yesu hakumwambia, "Lipa kwanza halafu nitakuja kwako." Alimwambia ashuke upesi, leo anakaa nyumbani kwake. Zakayo akampokea kwa furaha. Halafu ndipo mwenyewe akasimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Matendo yalikuja, tena makubwa, lakini yalikuja nyuma ya Yesu, hayakumtangulia.

Kwa hiyo nikuambie wazi nisije nikakudanganya. Ukiokoka leo, kesi yako na Mungu imekwisha leo. Lakini kama una mali ya mtu, utairudisha. Kama una kesi polisi, utaenda kuijibu, na huenda utafungwa. Kama una mtoto uliyemkana, utakwenda kwa mama yake ukiwa na aibu yako na chochote ulichonacho mfukoni. Hutafanya hayo ili Mungu akupokee. Utayafanya kwa sababu amekwisha kukupokea, na mtu mwenye amani anaweza kukabili aibu. Na Roho Mtakatifu atakupa nguvu. Hakuna anayeuweza wokovu kwa misuli yake.

SASA HIVI, HAPO ULIPO

Usingoje kesho kwenye mkutano, wala usingoje kwaya iimbe. Yule mtoza ushuru hakuwa na kwaya. Kama unaamini kwamba Yesu alikufa mahali pako na akafufuka, piga magoti hapo kitandani, au kama uko na watu funga macho tu, omba kwa maneno yako. Kama maneno hayapatikani omba hivi:

"Mungu, mimi nina hatia. Sina cha kujitetea na sina cha kulipa. Nimepaka chokaa vya kutosha. Naamini Mwanao Yesu alibeba kesi yangu msalabani na ukamfufua. Namtegemea yeye peke yake. Nihesabie haki yake. Nipe Roho wako niishi kama mtu wako. Asante kwa kunipokea. Amina."

Umeomba kwa moyo? Basi usijipime kwa kusikia joto au baridi mwilini. Fungua Warumi, anza mlango wa 3 mpaka wa 5, soma polepole hata mara tatu. Kesho kabla ya saa sita mwambie mtu mmoja, hata kama atakucheka. Tafuta kanisa linalofundisha Biblia karibu na kwenu, nenda Jumapili hii, usiende peke yako kama kuna rafiki. Yule uliyekosana naye, mfuate wiki hii. Na kama huna Biblia, njoo kesho jioni upande wa kulia wa jukwaa, useme tu umesoma karatasi hii. Yapo Maagano Jipya machache, tutakupa bure.